Kaunta za Njisi na Swali la Usaili

Swali lenyewe ni fupi: "Chagua duka unalolijua, utueleze ungeliboresha vipi kwa ajili ya wateja wake." Anayeulizwa ni kijana anayetafuta kazi ya ubunifu wa bidhaa Dar es Salaam, Nairobi, au katika kampuni ya ng'ambo inayomsaili kupitia kompyuta. Anapewa ubao, kalamu na muda usiotimia saa moja. Wasaili hawangoji jibu moja sahihi, kwa sababu halipo. Wanatazama mwendo wa fikra zake: ameanzia wapi, amemkumbuka nani, ameacha nini na kwa sababu gani.

Ufundi huu wa kujibu hufanyiwa mazoezi, na mazoezi hayo yanastahili heshima. Mwaka 2013 Lewis C. Lin, Mmarekani, alichapisha kitabu cha kuwaandaa wasailiwa, Decode and Conquer, na humo akaweka njia ya hatua saba aliyoiita CIRCLES: kuielewa hali, kumtambua mteja, kutaja mahitaji yake, kuchagua la kutangulizwa, kuorodhesha suluhisho, kupima kila suluhisho linakupa nini na linakunyima nini, kisha kufunga kwa muhtasari. Vijana wengi huzikariri hatua hizi, na kukariri hakuna ubaya. Ila hatua ya pili, ya kumtambua mteja, ndiyo inayobeba zote zinazofuata, na hiyo haikaririki. Lazima umwone mtu amesimama mbele ya kaunta, ujue ana kiasi gani mkononi, ametumwa na nani, na nyumbani wanamngoja kwa haraka gani.

Ndiyo maana anayetaka kulifanyia mazoezi swali hili namshauri achague maduka ya rejareja ya Njisi. Humo kila ubao, kila ndoano na kila kopo ni jibu ambalo mtu alilifikia kwa kutazama wateja wake, akaligharamia kwa mtaji wake, na akalibadilisha lilipokataa kufanya kazi. Sijui shule nyingine ya ubunifu iliyo wazi kiasi hicho kwa yeyote anayepita barabarani.

Njisi ni kata ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Barabara inayoshuka kutoka Uyole kupitia Tukuyu inafika Kasumulu, kwenye daraja la Mto Songwe; ukivuka uko Malawi, na njia inaendelea hadi Karonga. Kule juu Rungwe ni baridi, migomba na chai. Huku chini joto linakupokea mapema, na kando ya barabara unaona mpunga, michikichi na mikakao. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Malawi husimama mpakani yakingoja nyaraka. Wabadilishaji fedha wanashika shilingi na kwacha kwa pamoja. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande wa pili husikilizana kwa lugha, wameoana na wanazikana, kwa hiyo mteja anayetoka ng'ambo ya mto hafiki dukani kama mgeni kamili.

Sasa mwulize mwenye duka wa hapo wateja wake ni akina nani. Hatakutajia rika wala kipato. Atakutajia saa. Alfajiri ni mama wa maandazi na vitumbua, anayetaka unga, sukari na mafuta kabla jiko halijapoa, pamoja na bodaboda anayetaka vocha. Asubuhi ni watu wa chai. Mchana ni madereva na matingo wao, wanaotafuta maji, sabuni, dawa ya meno na mahali pa kuchaji simu. Jioni ni watoto waliotumwa, kisha kinamama wenyewe wanaokumbuka kiberiti giza likiwa limeingia. Halafu kuna siku ambazo fedha za kakao zimetoka, wateja wale wale wakaja na mahitaji mengine kabisa: bati, godoro, sare za shule.

Mgawanyo huu una akili kuliko ule unaoandikwa ubaoni na wasailiwa wengi. Ukiambiwa mteja ni mwanamke wa miaka thelathini, bado hujui umfanyie nini. Ukiambiwa ni mteja wa alfajiri, unajua jiko linawaka, ana haraka, analipa taslimu, na kesho atarudi saa ile ile. Hapo hapo unapata la kufanya: unga upimwe usiku katika mifuko ya kilo, uwekwe karibu na dirisha, asingoje mizani.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayopanga rafu. Sukari, majani ya chai na mkate hukaa pamoja, kwa sababu huondoka pamoja. Chumvi, kiberiti, nyanya za kopo na mafuta ya kupima viko upande wa jioni. Vocha, betri, sigara na pipi viko mkono wa kulia wa muuzaji, kwani huombwa wakati wowote na mtu asiyetaka kusimama. Mwenye duka akinyoosha mkono haangalii. Mkono unajua njia.

Kampuni tajiri kabisa ililifikia wazo hili kwa taabu. Kabla Apple haijafungua maduka yake mawili ya kwanza, Virginia na California, tarehe 19 Mei 2001, Steve Jobs na Ron Johnson, aliyesimamia maduka hayo, walijenga duka zima la majaribio ndani ya ghala. Kazi ikiwa imefika mbali, Johnson akaona kwamba walikuwa wamepanga vitu kwa kufuata aina za kompyuta walizouza, ilhali mteja huingia akiwa na jambo analotaka kulifanya: kupanga muziki wake, kutengeneza filamu, kutunza picha. Jobs alikasirika, kisha akakubali, wakavunja na kupanga upya. Mama wa Njisi anayeweka sukari kando ya majani ya chai amefika pale pale, na amefika kwa kusimama nyuma ya kaunta akihesabu ni mara ngapi analazimika kuvuka duka kwa ajili ya mteja mmoja.

Lakini rafu za Njisi zina jambo ambalo vitabu vya biashara za miji mikubwa havilisemi sana, nalo ni maji. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na miezi ya masika mito hufurika. Unyevu hauhitaji mlango. Chumvi hulowa ndani ya mfuko wake, sukari hugandamana, kiberiti hugoma kuwaka, na unga ukigusa ukuta huota ukungu. Katika mafunzo ya kawaida ya kupanga duka, rafu iliyo usawa wa macho hupewa bidhaa yenye faida kubwa. Njisi swali la kwanza ni lingine: kipi kitaharibika maji yakiingia? Kwa hiyo chini kabisa utakuta kreti za soda, ndoo, majembe na madumu. Magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Chumvi iko ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kiberiti kiko juu karibu na bati, mahali penye joto kavu. Baada ya hapo ndipo faida inapewa nafasi yake. Msailiwa anayeeleza mazingira ya duka kabla ya kugusa rafu amejifunza jambo hili, na wasaili wazuri hulitambua mara moja.

Tuitazame biashara moja kwa karibu. Ni jioni, mvua imekatika muda mfupi uliopita, na msichana wa darasa la pili au la tatu amefika kwenye kaunta ambayo ukingo wake unamfika kidevuni. Ana kidumu mkono mmoja na noti iliyokunjwa kwenye kiganja cha mkono mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa nini?"

"Mafuta robo, sabuni kipande, na chumvi."

"Chumvi ya pakiti au ya kupima?"

Mtoto ananyamaza.

"Nikupe kama ile ya juzi?"

Mtoto anatikisa kichwa kukubali. Mwenye duka anakipokea kidumu, anakifungua na kukinusa kwanza, maana kidumu kilichobeba mafuta ya taa kikitiwa mafuta ya kula kimeharibu chakula cha familia nzima. Anaweka faneli. Anachota kwa kipimo cha robo lita mpaka ukingoni, anamimina, kisha anakiacha kipimo kimeinama juu ya faneli hadi tone la mwisho. Hana haraka hapo, ingawa nyuma ya mtoto kuna watu wawili. Tone lile linaonwa na mtoto, linaonwa na wale wawili, na nyumbani litasimuliwa.

Kisha sabuni. Mche umelala ubaoni, na tangu asubuhi una alama ndogo zilizopigwa kwa ncha ya kisu ili vipande vyote vilingane. Kipande kikiwa kikubwa leo, kesho mteja mwingine atauliza chake kimepunguzwa kwa nini. Anakata kimoja tu, kwa sababu kipande kilichokatwa kikikaa wazi hukauka na kusinyaa, na mteja hununua kwa macho. Anafunga chumvi kwenye karatasi, anakunja ncha kwa ndani mara mbili, anaiweka juu ya sabuni. Chenji anaihesabu kwa sauti, sarafu baada ya sarafu, ndani ya kiganja kile kile kilicholeta noti, kisha anavikunja vidole vya mtoto.

"Chenji ya mama ni mia tatu. Sema."

"Mia tatu."

"Haya. Pita pembeni mwa barabara, hayo malori hayaoni watoto."

Ukiyaweka yale mauzo kwenye ubao wa usaili, utayaona yalivyojaa. Mteja aliyesimama dukani ni mmoja, lakini wateja ni wawili: mtoto anayebeba na mama aliyetuma. Mama hayupo, naye ndiye mwenye fedha, mwenye kukumbuka, na mwenye kuamua kesho atume duka gani. Kila tendo la mwenye duka linamhudumia huyo asiyeonekana: kunusa kidumu, kukumbuka chumvi ya juzi, kuliacha tone lianguke, kumfanya mtoto aitamke chenji ili kosa ligundulike hapo hapo na lisigunduliwe nyumbani. Hata onyo la malori ni sehemu ya huduma, kwani mama asiyeamini usalama wa njia hatatuma mtoto jioni. Nimewasikia wabunifu wenye vyeo wakizungumza kwa saa nzima juu ya kuzuia makosa ya mtumiaji. Ufundi wa yule mama unayazuia kwa pua, kwa kisu na kwa neno moja, "Sema."

Sasa tuje kwenye suluhisho, mahali ambapo wengi hukimbilia jibu moja: ondoa kaunta, mteja aingie, ajichukulie, alipe mlangoni. Jibu hilo lina historia tukufu. Tarehe 6 Septemba 1916, mjini Memphis nchini Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly. Kabla yake, mteja alitoa orodha na karani akamletea vitu. Saunders alimpa mteja kikapu, akamwekea njia ya kupitia rafu zote, na malipo mwishoni. Mwaka 1917 akapata hataza ya mpangilio huo. Aliokoa mishahara ya makarani, akashusha bei, na supamaketi zote tunazozijua leo ni wajukuu wa duka lile.

Mpangilio wa Saunders ulifaa kwa sababu bidhaa nyingi za wakati wake zilikuwa zimeanza kuja ndani ya pakiti zenye jina na bei. Mteja hakuhitaji mtu wa kumpimia. Duka la Njisi linaishi kwa kupima. Robo lita, nusu kilo, kipande, fungu, kijiko cha viungo: hayo ndiyo yanayomwezesha mwenye fedha kidogo kula leo. Ukiiondoa kaunta umemwondoa mpimaji, na aliyekuwa akinunua robo atalazimika kununua lita nzima au arudi mikono mitupu. Kaunta ndiyo pia inayobeba mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo mahali pa kuonwa na wote, na usiku ndiyo inayoshika wavu wa chuma unaomlinda muuzaji aliye peke yake na droo ya mauzo. Msailiwa makini ataisifu kazi ya Saunders, kisha ataeleza kwa nini hataileta hapa.

Hilo halina maana kwamba kaunta haina gharama. Gharama yake moja ni kwamba kila kitu kinaombwa kwa sauti. Fikiria msichana anayetaka pedi, na kwenye benchi la nje wameketi vijana wa bodaboda na mjomba wake. Maduka mazuri yamelijibu hili bila tangazo lolote. Pedi zimeshafungwa ndani ya karatasi ya kaki tangu asubuhi na kupangwa upande wa dirisha ambapo msichana anaweza kunyoosha kidole. Mwenye duka anachukua, anaweka juu ya kaunta pamoja na pakiti ya chumvi au biskuti, na mazungumzo ya nje yanaendelea. Yule msichana ameondoka na alichotaka pamoja na heshima yake. Suluhisho lenyewe lina gharama ya karatasi tu, na limegundulika kwa sababu mtu alimwona msichana akisogea, akisita, akanunua pipi, akarudi nyumbani.

Gharama nyingine ya kaunta ni mkopo, kwani unapozungumza na mtu uso kwa uso ni vigumu kumnyima. Huku Kyela mkopo una majira yake. Kakao hukusanywa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, ikaingia kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ikauzwa kwa mnada, na mkulima hungoja malipo yafike. Kati ya kupeleka kakao na kupokea fedha kuna siku za kula, na siku hizo zinalishwa na duka. Daftari la mwenye duka limepangwa kwa kaya, ukurasa mmoja kwa nyumba moja, ili baba na mama wasikope kila mmoja kwa njia yake bila mwenzake kujua. Mstari unaandikwa mkopaji akiona. Kiwango cha juu anakijua mwenye duka peke yake, na anakipima kwa kakao iliyopelekwa, kwa mpunga ulio shambani, na kwa jinsi kaya ilivyolipa mwaka uliopita. Wale asiotaka kuwakopesha anawaelekeza kwa macho kwenye kibao kilichoandikwa kwa rangi ukutani, "Leo fedha, kesho mkopo." Kibao kimekataa kwa niaba yake, na udugu umebaki salama. Naliona hilo kuwa mojawapo ya majibu yaliyokamilika kabisa katika biashara ya rejareja, na limetumia ubao na kopo la rangi.

Mpaka nao unadai akili yake. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, baada ya nchi hizo kuzuia mazao yetu, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache. Katika mahali kama Njisi, mabadiliko ya namna hiyo huingia dukani siku hiyo hiyo, kwa bei na kwa idadi ya watu wanaovuka. Kwa hiyo mwenye duka anayeuzia pande mbili hujaza mzigo kidogo kidogo, huagiza mara nyingi, na huweka fedha yake zaidi kwenye vitu ambavyo kijiji chake kitavimaliza hata daraja likinyamaza. Anayeboresha duka bila kuuliza mzigo unatoka wapi na ukikwama itakuwaje, anaboresha picha.

Basi, ukisimama mbele ya wasaili, ungeboresha nini? Hapa ndipo uvumilivu unapolipa, kwa sababu duka lililokwisha kufikiriwa kiasi hiki halihitaji mtu wa kuligeuza juu chini. Linahitaji mtu wa kuona mahali pamoja panapouma. Mimi ningechagua jioni. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za fedha za simu kuifuata, duka la kijiji limekuwa benki. Dirisha moja linapokea kidumu cha mtoto na pia mtu anayetaka kutuma fedha Mbeya. Wa pili anatafuta namba ndani ya simu, anaisoma, anaikosea, anairudia, anangoja ujumbe, anauliza jina limetoka nani. Wakati huo wote mafuta robo yanangoja, na giza linaingia kwa yule aliyetumwa.

Kabla ya kuchora chochote ningesimama pembeni nikahesabu. Paco Underhill, aliyeandika kitabu cha Why We Buy mwaka 1999, alijenga kazi yake yote juu ya kuwafuata wateja kwa macho na kuandika wanachofanya. Katika duka la Bloomingdale's, New York, kamera zilizotazama mlango zilionyesha kwamba watu waliosimama kuchagua tai kwenye njia nyembamba waliguswa mara kwa mara kwa nyuma na wapitaji, na wengi wao, hasa wanawake, waliacha kuchagua wakaondoka. Hakuna aliyelalamika kwa mdomo. Tai zilihamishwa kidogo kutoka njiani, na mauzo yakapanda. Njisi ningetafuta aina hiyo hiyo ya mteja: anayefika, anayetazama msongamano, anayegeuka bila kusema neno. Huyo hayumo kwenye daftari wala kwenye droo. Asipohesabiwa kwa macho, hayupo.

Suluhisho ziko kadhaa. Dirisha la pili kwa ajili ya fedha za simu linavutia, lakini linataka mtu wa pili, ukuta uliotobolewa na wavu mwingine. Kijana msaidizi saa za jioni anafaa, akiwepo wa kuaminika na mshahara ukipatikana. La tatu ni vikaratasi na penseli iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya baraza: anayetaka kutuma au kutoa fedha aandike namba na kiasi akiwa anangoja, afike dirishani kila kitu kikiwa tayari. Ningeanza na hili la tatu, kwa kuwa likishindwa mwenye duka atakuwa amepoteza penseli tu.

Lakini hatua ya sita haikubali tuliache hapo. Mpakani kuna macho mengi, na karatasi yenye namba ya simu na kiasi cha fedha ni siri ya mtu. Kwa hiyo kila mmoja ashike kikaratasi chake, akipokee tena baada ya huduma, na asiwepo wa kuandika kwenye daftari moja linalosomwa na anayefuata. Wapo pia wazee wasioandika. Hao waendelee kusaidiwa kwa mdomo kama zamani, na mstari wao usiwe wa aibu.

Ningekumbuka vilevile kwamba kitu kipya huhitaji kuonekana mikononi mwa mtu. Sylvan Goldman alipoleta mikokoteni ya kubebea vitu katika maduka yake ya Oklahoma City mwaka 1937, wateja waliikataa. Wanaume waliona inawadhalilisha, na wanawake walisema wamesukuma vigari vya watoto vya kutosha. Akaajiri watu wa rika mbalimbali wazunguke nayo dukani wakinunua, na wengine wakafuata. Njisi asingehitajika mtu wa kulipwa. Vijana wa bodaboda wanatuma na kupokea fedha kila siku, wanajulikana na wote, na wakiizoea penseli ile baraza zima litaizoea.

Matokeo ningeyapima kwa mambo mawili: wangapi wanageuka jioni bila kuhudumiwa, na watoto waliotumwa wanakaa muda gani. Mauzo peke yake yangenidanganya, kwani yanapanda na kushuka na kakao.

Nchi yetu inajua gharama ya kupanga duka kutoka mbali. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, Serikali ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Lengo lilikuwa kumwondolea mwanakijiji unyonyaji, na lilikuwa lengo la heshima. Lakini vijiji vingi vilifungiwa duka la zamani kabla la ushirika halijawa na mtaji, bidhaa wala mtu mwenye uzoefu wa kuliendesha, na watu wakakosa chumvi na sabuni. Ujuzi wa kujua kiasi gani kiagizwe, nani akopeshwe na mafuta yafike siku gani haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa kichwani mwa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta, naye aliondoka nao.

Kwa hiyo, kijana unayejiandaa kwa usaili, zikariri hatua saba, kisha uende dukani. Simama saa ya jioni, nunua kitu, omba ruhusa ya kukaa barazani, tazama. Chora duka zima pamoja na mlango, dirisha, mizani na mahali maji yanapoingilia. Andika pendekezo lako moja. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliacha: mrudie mwenye duka na mchoro huo, umpe kalamu, umwambie afute kisichowezekana. Atafuta zaidi ya nusu, atakueleza sababu ya kila alichofuta, na maelezo hayo ndiyo yatakayokubeba siku msaili atakapokuuliza, "Umejuaje?"

Ukifika hapo utakuwa umeelewa kinachotafutwa na swali lile fupi. Wanataka mtu anayemwona binadamu kabla hajashika kitu cha kubadilisha, na anayejua nani atalipa gharama akikosea. Wenye maduka wa Njisi hufanya kazi hiyo kila siku, kwa fedha zao wenyewe na mbele ya majirani zao, na mbunifu yeyote anayetaka kuwa hodari anapaswa kujiona mwanafunzi wao.